Hilux Vigo 2.7 petroli au 3.0 dizeli kwa foleni ya Mbezi na safari za Mafinga? Farasi wanakaribiana, sasa nguvu iko wapi?

Msafiri wa Mbezi (mleta mada)

Wakuu habari za humu ndani. Naombeni msaada maana madalali wameshanivuruga kichwa mpaka basi. Natafuta Hilux Vigo dabo kebini, nimepata mbili, zote za 2012, zote manyuo, moja ni 2.7 ya petroli injini 2TR, nyingine ni 3.0 D-4D ya dizeli injini 1KD. Hiyo ya dizeli imemzidi mwenzake milioni 9 na mwenye nayo hashuki hata laki, ukimwambia punguza anakuambia "kaka hii ni dizeli", kama vile hilo ni jibu.

Matumizi yangu ni haya. Nakaa Mbezi, duka la vifaa vya ujenzi liko Manzese, kwa hiyo kila siku asubuhi na jioni niko Morogoro Road kwenye foleni, mara peke yangu mara nina mabati au saruji mifuko kadhaa ya mteja. Halafu kila baada ya miezi miwili napanda Mafinga kwa mzee, naenda na mbolea narudi na viazi na mahindi. Kwa mwaka ni kama kilomita 8,000 za mjini na 7,000 za safari.

Sasa kinachonichanganya. Nimeangalia makaratasi ya hizo injini, ya petroli ina farasi 160, ya dizeli ina farasi 163. Farasi watatu tu! Hiyo nguvu ya dizeli inayosifiwa kila kijiwe inatoka wapi? Nauziwa jina au kuna kitu sikioni?

Bwana Turubai

Chukua dizeli. Mjadala umefungwa.

Chaga Bite

Huyo hapo juu ndo dalali mwenyewe 😂

Fundi Spana

Mkuu swali lako limekaa vizuri kuliko majibu mengi utakayopata, ngoja nijaribu.

Farasi wanaoandikwa kwenye karatasi ni wa kileleni, yaani injini ikiwa imekanyagwa hadi inalia. Hiyo 2TR inawafikisha farasi wake 160 ikiwa kwenye mizunguko 5,200 kwa dakika. Sasa niambie ukweli, mara ya mwisho umeendesha pikapu kwenye 5,200 lini? Kwa gari la kawaida mtu akifika 3,500 anabadilisha gia maana kelele yenyewe inamtisha, na akiwa na mama watoto pembeni ndo kabisa. 1KD inawafikisha farasi wake kwenye 3,400 tu, na hata huko watu hawafiki mara nyingi.

Maisha ya kila siku ya pikapu yako kati ya mizunguko 1,500 na 2,500. Huko ndiko uangalie. Na huko kinachohesabika ni torki, ile nguvu ya kusokota. Petroli yako ina torki ya juu kabisa Nm 241 (Nm ni nyutoni mita, kipimo cha torki) na inaipata kwenye mizunguko 3,800. Dizeli ina Nm 343 na inaanza kuitoa kuanzia 1,400 inashikilia hapo hapo mpaka 3,200. Umeona hiyo? Mwenzake hata hajaamka yeye ameshatoa kila kitu.

Farasi ni torki mara mizunguko, hakuna uchawi. Weka zote mbili kwenye mizunguko 2,000: dizeli inakupa farasi kama 97. Petroli, hata tukiwa wakarimu tukaipa zile 241 zote ambazo hapo kwenye 2,000 haijazifikia, haifiki farasi 69. Kwa hiyo wale watatu wa kwenye karatasi wamekuwa karibu 30 pale unapoendesha wewe. Ndo ile watu wanasema dizeli ina nguvu, wanachokisikia mguuni ni hicho, hawajui tu kukieleza.

Na petroli farasi wake wapo kweli, sijasema anadanganya, ila lazima uwafuate kule juu kwa kushusha gia na kukanyaga. Dereva anayejua hivyo anafika kilimani saa ile ile na mwenye dizeli, isipokuwa gari yake itakuwa inapiga kelele na wese linashuka.

Msafiri wa Mbezi

Fundi asante sana, hapo sasa nimeanza kupata mwanga. Lakini kwa nini iwe hivyo? Cc wamepishana 300 tu.

Fundi Spana

Kuna mambo matatu ila moja ndo kubwa. Kwanza pistoni ya 1KD inasafiri milimita 103, ya 2TR 95, mkono mrefu unasokota zaidi kama vile spana ndefu inavyofungua nati iliyokwama. Pili mgandamizo, dizeli hii inabana hewa karibu mara 18 mpaka inakuwa ya moto kiasi cha kuwasha mafuta yenyewe bila plagi, petroli inabana chini ya mara 10 maana ikizidi mafuta yanawaka kabla ya wakati, unasikia ile ngo ngo ngo. Ndo maana pia dizeli inakula kidogo, na lita moja ya dizeli yenyewe ina nishati zaidi kuliko lita ya petroli kwa kama asilimia 10 na kidogo.

La tatu ndo kubwa, turbo. Dizeli yako ina turbo inayoisukumia hewa zaidi ndani, petroli yako inavuta hewa kwa pumzi zake.

Kwa nini basi dizeli haikimbii mizunguko ya juu? Mafuta yake yanapulizwa ndani na yanahitaji muda kuchanganyika na hewa na kuungua, halafu vyuma vyake vizito maana vinabeba presha kubwa. Ukizidisha mizunguko inakosa pumzi. Kwa hiyo ni mbeba mizigo wa sokoni, usimpeleke kwenye mbio za mita 100.

Mzee wa Mkonga

Hapo kwenye turbo naomba nipaongezee maana vijana wengi mnachanganya. Mimi nimeendesha magari ya miradi miaka mingi, Karatu, Ngorongoro, Loliondo huko. Tulikuwa na Land Cruiser hizi za mkonga, lile bomba la hewa la pembeni, zenye injini 1HZ, dizeli ya 4.2 silinda 6, HAINA turbo. Ngoma haifi ile, unaipa mafuta ya aina yoyote inakwenda, lakini nguvu? Cc 4,200 zote zile torki yake ni Nm 285 na farasi hawafiki 135. Hiyo 1KD ya cc 3,000 inaizidi kwa mbali.

Tukipanda kwenye kingo za kreta ambako ni zaidi ya mita 2,000 toka usawa wa bahari hewa ni nyepesi, gari inatoa moshi mweusi kama inachoma tairi kwa sababu mafuta yanaingia yale yale ila hewa imepungua. Kuna wakati tuliletewa moja ya petroli ile V6 ya 4.0, farasi zaidi ya 220, basi huyo dereva wa petroli alikuwa anatupita mlimani anatupungia mkono. Petroli hiyo! Inatupita sisi wa dizeli mlimani!

Kwa hiyo ukisikia mtu anasema dizeli ina nguvu muulize dizeli gani. Yenye turbo au isiyo na turbo. Tofauti nyingi mnayoisifia ni ya turbo, mafuta yamebebeshwa sifa ya bure.

Kijana wa Houston

Mzee wa Mkonga umeongea point tupu, shikamoo mzee wangu. Mimi niko huku Texas, huku pikapu ndo gari la familia mtu anaenda nayo kanisani, na nyingi ni za petroli sio dizeli, watu wa nyumbani nikiwaambia hawaamini. Ford F-150 waliileta na injini ya petroli ya 3.5 yenye turbo mbili, EcoBoost, za miaka ya karibuni zinatoa farasi 400 na torki kama Nm 678. Ford hao hao 2018 wakaiwekea F-150 dizeli ya 3.0, farasi 250 na torki kama Nm 597. Yaani petroli imeipita dizeli kwenye farasi NA kwenye torki, kisa turbo mbili. Ile dizeli ilisifiwa kwa kula mafuta kidogo lakini ilidumu miaka michache tu, 2021 wakaiondoa. Huku dizeli pampuni mara nyingi ni ghali kuliko petroli ya kawaida, halafu lazima ununue na kile kimiminika cha kusafishia moshi, mtu anayeenda kazini na kurudi haoni faida yake.

Anayenunua dizeli huku ni yule anayevuta trela la ng'ombe au boti kila wiki, na yeye ananunua zile kubwa kabisa. Kwa mizigo ile petroli yenye turbo inaweza kuvuta lakini inabugia mafuta utadhani tanki limetoboka.

Msafiri wa Mbezi

Mzee wa Mkonga shikamoo. Sasa hii yangu ya petroli haina turbo, ina maana nikifika Iringa itakuwa imechoka?

Mzee wa Mkonga

Marahaba mwanangu. Itapungua ndiyo. Injini isiyo na turbo inapoteza kama asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Iringa mjini ni mita 1,500 na kitu, kwa hiyo wale 160 wako watakuwa kwenye 135 hivi, Mafinga kwa mzee wako ni juu zaidi. Ya turbo inajibana yenyewe hewa inajazia, haisikii sana. Ila usiogope, hizo 2.7 ziko chungu nzima mpaka Njombe huko na zinafanya kazi. Utazoea kushusha gia mapema kabla gari haijalegea, ukingoja mpaka ilegee ndo shushe umeshachelewa.

Mama Mbao

Mimi naongea kama mtu ambaye pesa imemtoka. Nachukua mbao Mafinga miaka sita sasa, mzigo wenyewe unakuja na fuso, mimi natangulia na Hilux kama hiyo ya dizeli unayoiangalia, 3.0. Kuiendesha ni raha jamani sitaki kudanganya, ukiwa na tani unaweka gia ya nne pale Ruaha Mbuyuni unasahau. Nimeshazoea ule mlio wake kiasi nikipanda gari ya petroli naona kama imezimika.

Lakini siku moja nikaishiwa mafuta nikajaza kwenye kituo kimoja cha pembeni, jina nalihifadhi. Kilomita 40 mbele taa ya filta ikawaka, nikaipuuza, dakika kumi gari ikaanza kukohoa, ikazima. Fundi kufungua kile kikombe cha chini ya filta, maji. Maji kabisa ungeweza kunawa. Hizi dizeli za komoni reli mafuta yanapita kwenye matundu madogo sana kwa presha ya kutisha, maji yakiingia yanakula nozeli. Nozeli nne na kusafisha mfumo mzima na pampu kuangaliwa karibu milioni 4 ziliniondoka, na siku tano nimelala gesti. Yule aliyeniuzia mafuta nilimrudia akaniambia tangu asubuhi ameuzia magari 50 hakuna aliyelalamika.

Na mwenzangu wa petroli aliwahi kujaza mafuta machafu vile vile. Gari ikamsumbua, wakamwaga tanki, wakabadilisha filta na plagi, siku ya pili yuko barabarani. Laki na kitu tu.

Siku hizi uchakachuaji umepungua sio kama zamani kabla serikali haijapandisha kodi ya mafuta ya taa 2011, enzi zile wanachanganya mafuta ya taa kwenye dizeli ilikuwa balaa, ila maji kwenye tanki la kituo hayana kodi yanaingia tu. Kwa hiyo mdogo wangu ukichukua dizeli ujue unaoa na filta. Badilisha kila sevisi na ile taa ikiwaka SIMAMA.

Fundi Spana

Dada amesema kweli, nozeli ndo moyo wa hiyo gari. Nikujazie kwenye 1KD hasa: zile wosha za shaba chini ya nozeli zikichoka moshi wa ndani unavuja kwenye oili, oili inageuka lami, lile chujio la kwenye sampu, bakuli la oili, linaziba, injini inakosa oili na inakufa ikiwa haina dalili kubwa. Wanaojua wanabadilisha wosha mapema na kila kwenye sevisi wanachungulia oili. Halafu hiyo ina timing belti, wengine wanabadilisha kwa 100,000 wengine 150,000, muulize muuzaji imebadilishwa lini, akisema "hii haina shida kaka" ujue haijabadilishwa. 2TR ina cheni, unaisahau.

Na foleni sasa. Dizeli ya turbo inataka kukimbizwa. Wewe kilomita 14 za foleni, gari inatembea mita 20 inasimama, haipati joto la kutosha kuchoma masizi. Masizi yanakaa kwenye valvu ya EGR, ile inayorudisha moshi kwenye injini, yanajaa kwenye manifoldi utadhani bomba la jiko la kuni, yanagandisha na yale mapezi ya kwenye turbo. Halafu unakuja gereji unasema imepoteza nguvu. Afadhali hizi Vigo za huku nyingi hazina kile kichujio cha masizi cha kwenye egzosi, DPF. Kwenye zile mpya za 1GD 2.8 huko Australia wenye magari walienda mpaka mahakamani kwa ajili ya hicho kichujio, magari yaliyouzwa 2015 hadi 2020, na 2022 mahakama ikasema kweli kilikuwa na kasoro. Ukiagiza dizeli iliyotoka nje uliza kama inacho.

Wewe angalau unaenda Mafinga kila miezi miwili, ile safari inaisafisha. Ila asiyetoka Dar kabisa akinunua dizeli namshangaa.

Dogo wa Tegeta

nunua dizeli alafu uichipu mzee, yaani ubadilishe programu ya kompyuta ya injini, farasi 200 mapema tu, jamaa yangu kaichipu ford yake inapaa

Fundi Spana

Dogo huyo jamaa yako mpe namba yangu ya simu, atanihitaji. Pistoni za 1KD zenyewe zina historia ya kupasuka zikipata nozeli mbovu, wewe unataka uongeze mafuta zaidi mle ndani. Klachi nayo itaungua kwanza.

Konda Mstaafu

Nyie wote mnaongelea kupanda, hakuna aliyesema habari ya kushuka, na mlima Kitonga wa kwenda Iringa unaua watu wakishuka sio wakipanda.

Watu wanaamini dizeli inashika zaidi ukiachia mafuta kwenye mteremko. Kwenye malori ndiyo kwa sababu kuna breki ya egzosi, unasikia ile fuuuu. Lakini pikapu ya dizeli haina hiyo. Petroli ukiachia mguu ule mlango wa hewa unafunga, injini inavuta hewa haipati, ndo inakushikilia. Dizeli nyingi hewa inaingia muda wote, kwa hiyo ukiachia inashika kidogo tofauti na unavyodhani, inakusaidia kwa sababu ya gia na msuguano wa ndani ya injini. Nimeona kijana na Hilux dizeli amejaza viazi anashuka na gia ya nne anategemea breki, chini pale magurudumu yanafuka moshi. Gia uliyopandia ndo ushukie, babu zetu wa malori walitufundisha hivyo na haijabadilika. Haya endeleeni na farasi zenu.

Mkulima wa Gesi

Mbona hakuna aliyetaja gesi? Petroli unaweza kuifunga mfumo wa gesi asilia, dizeli ya hivyo huwezi, au tuseme sio kwa mafundi wetu na kwa bei ya kueleweka. Mimi nina Hiace ya 2TR hiyo hiyo nimefunga, matumizi ya mjini yameshuka chini ya nusu. Kasoro zipo, mtungi unakula nafasi ya mzigo nyuma, vituo bado havitoshi unaweza kukaa kwenye foleni ya gesi mpaka ukasahau ulikuwa unaenda wapi, na nguvu inapungua kama asilimia 10 kwa sababu gesi inachukua nafasi ya hewa ndani ya silinda. Kwenye kilima nikiwa nimejaza nabonyeza swichi narudi petroli. Kwa foleni ya Mbezi hiyo nguvu iliyopungua hutaisikia kabisa.

Karani wa Wese

Acheni nifanye hesabu maana kila mtu anaongelea hisia. Vigo 2.7 nimekaa nayo miaka minne, foleni ilikuwa inanipa kilomita 7 kwa lita, safari 9. Kaka yangu ana 3.0 dizeli, foleni 9 safari 12. Sio namba za kitabuni, ni za daftari langu.

Kilomita 8,000 za mjini na 7,000 za safari. Petroli inakunywa kama lita 1,920 kwa mwaka. Dizeli kama 1,470. Tofauti lita 450. Bei EWURA, wale wadhibiti wa nishati, wanatangaza kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na petroli na dizeli zinapishana kidogo, mwezi huu hii iko juu mwezi ujao ile, tuweke 3,000 zote mbili hesabu iwe nyepesi. Unaokoa milioni 1.35 kwa mwaka. Tofauti ya bei ya kununulia milioni 9. Utasubiri karibu miaka saba ndo urudishe, na hapo sijaweka nozeli hata moja. Nozeli za Mama Mbao peke yake ni miaka mitatu ya hiyo akiba.

Ukiwa unafanya kilomita 40,000 kwa mwaka na mzigo hesabu inageuka kabisa, hapo ningekwambia dizeli usiku huu huu. Kitu kimoja cha kuitetea dizeli, ukija kuuza utarudishiwa sehemu kubwa ya hiyo 9, Hilux ya dizeli haikai sokoni.

Mama Mbao

Mimi kwa mwaka nafanya zaidi ya 45,000, ndo maana na machozi yote yale sijaiuza.

Bwana Turubai

Mnahesabu mpaka senti lakini hakuna anayehesabu raha. Dizeli.

Msafiri wa Mbezi

Wakuu nimerudi na mrejesho, wiki tatu zimepita samahani kwa kukaa kimya.

Niliwaomba wenye magari wote wawili nijaribu gari la kila mmoja na mzigo, yule wa dizeli alinuna ila akakubali. Nikapakia mifuko 14 ya saruji dukani, kilo 700, tukaenda vilima vya Goba, kilima kile kile, gari moja baada ya nyingine. Dizeli nilipanda na gia ya tatu, mizunguko haijafika hata 2,000, naongea na mwenye gari kawaida tu. Petroli nikajaribu gia ya tatu ikalegea katikati, nikashusha ya pili, ikapanda kwenye 3,500 inalia kama inaonewa. Fundi ulichosema ndo nilichokisikia, tofauti ni ile ile ya farasi 30. Wote wawili tulifika juu na saa ilionyesha tofauti ya sekunde chache, nilishangaa, nilidhani petroli imeachwa mbali kwa jinsi ilivyokuwa inapiga kelele.

Kurudi tukakutana na foleni ya Mbezi Mwisho. Hapo dizeli ikanichosha mguu, klachi nzito, halafu ukikanyaga kutoka kwenye kusimama kuna ile sekunde moja inafikiria kwanza kabla turbo haijaamka, bodaboda keshaingia mbele yako. Petroli inaitika hapo hapo.

Kilichomaliza kesi ni oili. Fundi wangu alitoa kifuniko cha oili ya dizeli akaingiza kidole, akanionyesha tope. Akamuuliza mwenye gari wosha za nozeli zimebadilishwa lini, jamaa akajibu "hii haina shida kaka". Nikamkumbuka mtu humu.

Nimechukua petroli. Milioni 9 iliyobaki nimeingiza mzigo wa mabati, gesi nitafikiria baadaye.

Juzi nimeenda nayo Mafinga safari ya kwanza, mbolea mifuko 12. Mpaka Mikumi safi kabisa. Kitonga nikaweka gia ya pili mapema kama mzee alivyosema, ikanguruma vizuri tu, nikawa najiuliza hivi dizeli ingekuwa wapi saa hizi. Kumbe mbele yangu kuna lori la mafuta linatambaa na nyuma yake foleni ya magari kumi na kitu, kona zote zile hakuna pa kupita. Mbele yangu kabisa kulikuwa na Hilux 3.0 D-4D. Tulifika juu pamoja.

Bwana Turubai

Ila yeye alifika na gia ya tatu.